Shashi Haitiwi Dondo

Kwanza mjue kwamba mimi ni dobi, mwana wa dobi. Hapa Ghulail, mtaani kwetu Jeddah, ukiona kanzu imesimama yenyewe kama ina mtu ndani, ujue imetoka kwangu. Wenzangu hununua dondo la makopo, wakapuliza puu, wakadai wamefanya kazi. Mimi hupika dondo mwenyewe, uji mwepesi wa wanga wa muhogo wa kukazia nguo, kama alivyonifundisha marehemu baba, aliyekuja Jeddah kutoka Unguja mwaka wa sitini na nne. Nguo isiyotiwa dondo ni nguo ya mtu asiye na watu wake. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyoamini mpaka mwaka jana.

Binti yangu Amal alitaka kucheza dansi. Si ngoma zetu, la. Alitaka ile ya Kizungu ya kusimama juu ya ncha za vidole vya miguu. Alimpata mwalimu, Celestine, Mkenya aliyekuwa akifundisha wanawake katika ukumbi mmoja wa mazoezi hapa Jeddah kabla ya kuhamia Riyadh. Huyo ndiye aliyemtia mtoto wangu wazimu wa wanawake wa Paris wa karibu miaka mia mbili iliyopita. Ikawa hatuli chakula bila kuhadithiwa.

"Walivaa shashi tupu, baba, kitambaa chepesi kama utando, nyeupe, mpaka hapa chini ya goti," alikuwa akiniambia huku mchuzi unapoa. "Viatu vyao hariri laini, ndani hamna kigumu chochote. Ncha walizitia nyuzi kwa sindano wenyewe, ndo wakasimamia. Mtu akitazama aseme huyu hana uzito."

"Na walikuwa wakiigiza nini?"

"Majini. Majini ya kike."

"Umekosa kazi nyingine duniani, mwanangu, ila ujini?"

Mama yake, Kijakazi, alicheka. Mimi sikucheka. Miaka miwili nilikataa, tena kwa maneno makali. Nilisema nikiwa hai mtoto wangu hatacheza mbele ya watu, hata wakiwa wanawake peke yao, na nililisema hilo mbele ya shangazi zake.

Kisha ikatoka nafasi moja Riyadh, huko kwa Celestine. Mafunzo ya miaka miwili, msichana mmoja tu, na asizidi miaka kumi na minane. Amal alikuwa amebakisha miezi miwili avuke. Wakati huohuo binamu yangu wa Muscat alikuwa akimposea mwanawe, Ziyad, kijana mwenye adabu zake ambaye Amal hakumtaka. Amal akaja, akakaa chini mbele yangu.

"Baba, nikiipata nafasi hii, waambie Muscat hapana. Nisipoipata, ntaolewa, wala hutonisikia tena."

Nikaona mtoto amekata shauri. Moyo wangu si wa jiwe. Nikamwambia haya, nitakupeleka mwenyewe.

Celestine alikuwa ametunga dansi mpya kutokana na wale wanawake wa zamani. Mwili unakwenda, unasita, kisha shashi inaufuata polepole, kama moshi wa udi. Majaji walitaka kuona hasa hiyo shashi inavyofuata, na kila msichana alitakiwa ashone gauni lake la shashi. Haya nayajua leo. Wakati ule niliyasikia kwa sikio moja, maana mambo ya dansi niliyaona si yangu.

Tulikwenda kwa basi, tukafikia kwa ndugu yangu, mtaa wa Al-Dirah, juu ya duka lake la vitambaa. Siku ya mtihani Amal alitangulia ukumbini asubuhi kunyoosha viungo, akaniachia gauni nimpelekee mchana. Nikalitoa mfukoni. Limenywea, limelala kama mchicha wa jana. Lilinitia aibu, kisha likanitia huruma. Leo wageni watamtazama mtoto wangu, baba yake dobi, naye atoke na tambara? Miaka miwili nilimzuia. Nikasema leo nitamwonyesha kwa mikono yangu kwamba niko upande wake. Nikamwomba shemeji jiko, nikapika dondo.

Nilipika kwa kipimo cha Jeddah. Kwetu hewa ina maji, nguo hunywa unyevu na ule ugumu ukapungua wenyewe. Riyadh hewa ni kavu kama tanuri. Nusu saa juu ya paa gauni likawa limekauka, nikalipiga pasi tabaka moja baada ya nyingine, zote tisa. Likasimama. Wallahi lilikuwa zuri. Kwenye teksi nililibeba nimenyoosha mikono yote miwili, dereva akanicheka.

Wanaume hawakuruhusiwa kuingia. Nilimkabidhi gauni msichana wa mlangoni, nikakaa nje kwenye kiti. Nikasikia jina la Amal likiitwa. Nikasikia bomba la maji likifunguliwa, na mtu akikimbia. Kisha ukaanza muziki, ukaenda kidogo, ukakatika.

Celestine akatoka, mtandio ameufunga ovyo.

"Mzee Hilal, nani aliosha hiyo dress?"

"Mimi," nikasema, tena kwa fahari. "Imewapendeza?"

Aliniangalia, akashusha pumzi. "Mzee, ilikuwa imekauka kama mbao. Akizunguka inapiga kelele kaa karatasi, haimfuati. Kabla aingie alijaribu kuilowesha kwa sinki, ikageuka gundi, ikamshika miguu. Ameanguka. Nimewaomba wale majaji wampatie chance ingine, wamesema halas, kila mtu ni mara moja."

"Nipeni maji ya moto. Mimi dobi, ndani ya dakika ishirini dondo limetoka lote."

"Mzee, wameshaita mwingine."

Amal alitoka amevaa abaya yake, goti linavuja damu, gauni amelikumbatia. Nilingoja anipigie kelele. Nilizitaka hizo kelele.

"Mwanangu, nilitaka kukusaidia."

"Ungelinambia tu kama hutaki, baba," alisema kwa sauti ndogo. "Nisingelikuja mpaka huku."

Niliapa kwa Mungu. Niliapa kwa kaburi la baba yangu. Ndani ya basi nilimweleza habari za wanga, za hewa, za kipimo, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwongo. Nani ataamini kwamba mtu aliyefua nguo miaka thelathini na tano hajui ipi haitiwi dondo? Na maneno yangu ya miaka miwili yote yalikuwa mashahidi wake. Hata Kijakazi, tulipofika nyumbani, alifunga mlango wa chumba kwanza, kisha akaniuliza, "Hilal, kweli hukukusudia?"

Miezi mitatu baadaye nilimwozesha. Hakubisha mahari, hakubisha siku wala mgeni yeyote. Nilimwambia sema neno moja tu, naivunja harusi hii leo. Akasema haidhuru.

Sasa yuko Muscat. Kila Ijumaa napiga simu, naye huitika upesi, "Abee, baba, shikamoo," akaniuliza presha yangu na hali ya mama yake. Ijumaa iliyopita nilijaribu tena. Nikamwambia, "Amal, wallahi lile gauni sikukusudia."



"Nshakusamehe, baba," akasema. "Siku nyingi." Halafu akanipa mumewe niseme naye.