Udongo wa Kibumba

Friji ya Henriette ilikuwa inapiga watu shoti, na nyumba nzima ilishazoea. Mgeni akiingia pale mtaani Majengo alipewa kiti, kisha maji, kisha kandambili za plastiki, akaelezwa kwa adabu kwamba hizo ni za kufungulia friji. Hata padri wa parokia aliwahi kuzivaa. Kambere, mume wa Henriette, mfanyabiashara wa maharagwe kutoka Butembo, hakuona tatizo. Alisema friji inayopiga haiibiwi, na katika mji uliopitiwa na waasi mara nyingi hivyo, hakuna aliyeweza kumbishia.

Halafu waasi wengine wakashika Kibumba na barabara ya Rutshuru ikafungwa. Élodie, binti yao aliyeolewa Rutshuru, alikuwa amewahi kupita kabla haijafungwa, na godoro lake, masufuria, na Gisubizo, mtoto wa kiume aliyeanza kutambaa. Gisubizo hakuogopa kitu chochote duniani. Hata chai haijapoa, alikwishaifuata friji, maana mlango wake ulikuwa unang'aa. Henriette alimdaka mguu, roho ikiwa mkononi. Akampakata, akamgeukia mumewe.

"Papa Élodie, kandambili ya huyu iko wapi?"

Kambere aliangalia mikono na magoti ya mjukuu wake.

Ikabidi aitwe Wenceslas, fundi wa umeme. Alifungua lile sanduku la chuma kando ya mlango, ambamo waya wa barabarani huingilia nyumbani, akautafuta waya wa kwenda ardhini. Ulikuwepo. Akaufuata nje hadi kwenye bustani ya lengalenga kando ya uzio, ambapo ncha ya nondo ilichomoza katikati ya mboga.

"Nani aliweka nondo hapa?"

"Ni mimi," Kambere alisema, kifua mbele. "Hii udongo yote ni ya Kibumba. Nilileta Fuso nzima."

Wenceslas alichukua balbu yenye nyaya mbili, mmoja akaushikisha kwenye umeme ndani ya sanduku, wa pili kwenye nondo. Balbu ilipaswa kuwaka. Haikuwaka. Akachoma kijiti cha chuma kwenye bustani. Kilizama mpaka magotini, kikagonga mwamba.

"Muzee, hii udongo ni mugeni. Imekaa juu ya jiwe sawa ugali juu ya sahani. Courant ya umeme inashuka, inakosa njia, inarudi kwa frigo kungoja mutu."

Jiwe lenyewe ni lava ya volkano iliyoshuka mwaka wa elfu mbili na mbili, ikafunika nyumba yao ya kwanza pamoja na mtaa. Kama wengine wote, walijenga upya juu yake. Wenceslas alisema nondo lazima ifike kwenye udongo wa zamani, ulio chini, wenye unyevu. Akapima kwa nyundo nyuma ya jikoni, akapima karibu na lango. Kote nyundo ilidunda kwenye mwamba mnene. Ni pale tu penye bustani ambapo mwamba ulikuwa mwembamba.

"Tutatoboa hapa."

"Hapana," Kambere alisema.

"Lakini muzee, kwingine kote jiwe ni nene..."

"Nimesema hapana. Mutoto avae soksi."

Henriette alipandwa na hasira. Ameishi na huyu mtu miaka yote hiyo, hajawahi kumsikia akisema upuuzi wa namna hii.

"Mujukuu wako afe sababu ya lengalenga?"

"Si lengalenga."

"Ni nini basi?"

Kambere aliinamisha kichwa. "Fundi atamugonga Victoire."

Henriette akakaa chini palepale. Victoire alikuwa binti yao wa pili. Alizaliwa wakati wa vita vya kwanza vya waasi, akapewa jina hilo kwa sababu redio ilikuwa inatangaza ushindi, bila kueleza wa nani. Homa ilimchukua kabla waasi hawajamaliza kuingia mjini. Njia ya makaburini ilikuwa na risasi, wakamzika kando ya uzio, na miaka baadaye lava ikapita juu yake, ikafuta alama yote ya mahali. Tangu siku ya mazishi Kambere hakulitaja tena lile jina, na Henriette alimwekea kinyongo, akiamini amesahau. Kila alipochuma mboga alimlaani kwa kumwaga Fuso nzima ya udongo kwenye kona isiyofikiwa na maji. Leo ndipo alipojua udongo ule uliletewa nani.

"Victoire ni nani?" Élodie aliuliza.

Wenceslas alianza kuichunguza koleo yake kwa makini sana. Henriette alilia, hakujificha. Kisha akajifuta machozi kwa kitenge.

"Ni mudogo wako. Ni mama mudogo wa huyu mutoto." Akamgeukia mumewe, polepole. "Alienda hatujamutuma hata kazi moja. Leo tumutume. Amushikilie mutoto wa dada yake hiyo courant."

Kambere alivua kofia, akachukua nyundo na patasi mikononi mwa fundi. Aling'oa mboga mwenyewe, akasukuma udongo wa Kibumba pembeni, akapiga magoti.

"Victoire, ni papa," alisema. "Usiogope makelele."

Akapiga. Alikataa kupokewa nyundo. Mwamba ulimeguka kidogo kidogo mpaka ukatokea udongo mweusi, wenye unyevu. Wenceslas aliizamisha nondo, akakaza waya, akarudi kwenye sanduku kujaribu balbu yake. Kutoka mlangoni aliona Kambere amelala kifudifudi, mkono umeingia shimoni mpaka begani.

"Muzee, toa mukono, nijaribu courant."

Kambere aliendelea kuupapasa ule udongo mweusi.

"Umuache," Henriette alisema. "Courant itangoja."