Kibao cha Kikosi cha Pili

Gari la mwongozaji Halvorsen lilikuwa limeshajaa mabegi, na wafanyakazi wa studio ya filamu walikuwa wamejipanga pale Burbank, California, wakimpungia mikono kama wanasindikiza bwana harusi. Filamu yake ya anga za juu ilijaza majumba ya sinema dunia nzima; sasa studio nyingine ilikuwa imemnyakua. Thaddeus Broussard alipunga naye kwa adabu, lakini akili yake ilikuwa kwenye kiti kilichoachwa wazi. Sehemu ya pili ya filamu ile lazima iongozwe na mtu, na mtu huyo alimjua vizuri: ni yeye mwenyewe.

Alikuwa Mmarekani mweusi wa Baton Rouge, miaka arobaini na tisa, ameongoza filamu tano: mbili za harusi za kanisani, mbili za utumwa, moja ya mpira wa kikapu. Hakuzionea haya. Ila roho yake ilikuwa kwenye vyombo vya angani, na kila alipobisha hodi kwenye mlango huo alipewa mtumwa mwingine. Ndiyo maana alikubali kushuka cheo na kuongoza kikosi cha pili cha Halvorsen, kile kinachopiga picha za milipuko na kufukuzana wakati bwana mkubwa anahangaika na mastaa.

Kesho yake mtayarishaji, Gordon Pruett, alimwita kwenye chumba cha kutazamia picha. Lupe Arriaga, mhariri, alikuwa kwenye mashine yake.

"Thad, ndugu yangu, nina kitu chako! Atlanta, bibi anafariki, wajukuu wanagombea nyumba. Utalia!"

"Nimeshalia mara tano, Gordon. Nataka ile ya anga."

"Aa, ile tuna kijana. Ana filamu moja, ndogo, nzuri ajabu."

"Ina chombo cha angani?"

"Ina baiskeli."

Lupe alikohoa kuficha kicheko.

"Si mambo ya rangi, unanijua," Pruett akasema. "Wakubwa wanataka mtu mwenye uzoefu wa filamu za namna hiyo."

"Wa baiskeli."

Pruett akatazama saa yake. Thaddeus hakupandisha sauti. "Haya, chagua vipande vitatu bora vya filamu iliyopita. Tuone huyo kijana anatakiwa afikie wapi."

Mchezo huo Pruett aliupenda. Alichagua chombo kinapasua pete ya barafu, kisha mbio za mgodini, kisha mwanaanga anaelea baada ya kamba yake kukatika. "Hapo! Huo ndio mkono wa Halvorsen. Mkono haufundishwi, bwana."

"Lupe, dada yangu, turudishie. Safari hii usikate kibao."

Kila kipande huanza na kibao kinachogongwa mbele ya kamera, na wahariri hukikata kabla wakubwa hawajatazama. Juu huandikwa jina la mwongozaji mkuu, hata kama siku hiyo hakutia mguu. Chini huandikwa kikosi.

Kibao cha kwanza: Halvorsen, kikosi cha pili. Cha pili, vilevile. Kwenye cha tatu ikasikika na sauti ya Thaddeus nyuma ya kamera: "Msimkimbilie! Mwacheni aelee."

"Hata hii ya kamba?" Pruett aliuliza.

"Siku ile Halvorsen alikuwa kwa daktari wa meno," Lupe akajibu.

"Mbona hukusema, Thad?"

"Nilisema mara mbili. Ukaniletea filamu nyingine ya mpira wa kikapu." Thaddeus alisimama. "Chema chajiuza, ndivyo wasemavyo, lakini hapa kinataka mtu wa kukipigia debe. Sitaki hisani. Nataka kiti, na jina langu juu ya kibao. Huyo wa baiskeli nipe, atashika kikosi cha pili. Nitamfundisha."

Pruett alipeleka vipande vitatu kwa wakubwa pamoja na vibao vyake. Walibishana wiki tatu. Thaddeus akapewa filamu, kwa siku chache za kupiga picha kuliko alizopewa Halvorsen. Ilijaza majumba, akaongoza na ya tatu. Ile ya Atlanta alipewa mwanamama mweusi aliyekuwa ameomba filamu ya mazimwi. Kijana wa baiskeli sasa anaongoza zake. Halvorsen anatengeneza matangazo ya magari. Pruett alistaafu, akahamia Palm Springs, mji wa wastaafu. Lupe bado anahariri.