Siku ya Mwisho ya Kuahirisha

Mzee Estill Fugate alifika ngazi ya tisa akasimama. Zilikuwa zimebaki kumi na tatu. Mkono mmoja aliuegemeza ukutani, wa pili ukashika kamba ya mtungi wa oksijeni, na midomo yake ilikuwa imeshageuka bluu. Verna Stidham alishuka mbio na kiti cha kukunja, akakikunjua pale pale kwenye kijukwaa kidogo ngazi zinapokata kona.

Ofisi ya wakili Hobart Kilgore, mtetezi wa wachimba makaa walioharibika mapafu, iko ghorofani. Jengo lote ni lake, na chini pangefaa sana kwa watu wasio na pumzi, lakini chini amepangisha duka la simu. Kwa hiyo kwa miaka kumi na sita Verna, karani wake, amekuwa akishuka na kiti. Mwenye pumzi ya kufika juu hufika juu. Asiye nayo huhojiwa hapo katikati, faili limewekwa magotini, huku wateja wa simu wakipita chini na kutazama.

"Leo tisa, mjomba," Verna alisema. "Mwezi uliopita ulifika kumi na moja."

"Mwezi uliopita nilikuwa kijana."

Alimpa kalamu. Estill akatia sahihi kwa herufi kubwakubwa za mtu aliyeacha shule mapema, akapumzika, akatia nyingine. Alikuwa amefanya kazi chini ya ardhi miaka thelathini na mmoja. Madaktari wa kampuni walisema ni sigara zilizomla mapafu, na Estill hajawahi kuweka sigara mdomoni. Kesi yake ilikuwa imengoja miaka minne. Sasa ilipangiwa Alhamisi na Ijumaa ya wiki ile, mbele ya hakimu anayekuja kutoka mbali, na maswali yote ya kumbana daktari wa kampuni aliyaandika Verna, arobaini na moja. Kazi ya Kilgore ilikuwa kuyasoma, kwa ile sauti yake nzuri.

"Pumzika hapo. Naitwa juu mara moja."

Kilgore alikuwa amesimama dirishani na kikombe cha kahawa. Ni mtu mrefu, mwenye mvi za kupendeza, na kila anayemwona kwa mara ya kwanza humwamini. Picha yake akikumbatiana na wachimba makaa imetundikwa benki, imetundikwa hospitali, imetundikwa hata kwa kinyozi.

"Verna, dada yangu. Kaa. Huo mtihani wako wa kuingia shule ya sheria ni Ijumaa?"

"Ijumaa saa tatu asubuhi. Nilikuomba ruhusa tangu Julai, ukanipa."

"Nilikupa. Sasa nani atakaa pembeni yangu mahakamani? Faili la Estill lina kurasa elfu mbili. Hakimu akiuliza ukurasa, mimi nitatazama wapi? Juu?"

Ni kweli asingejua atazame wapi.

"Uahirishe," Kilgore alisema. "Mtandao wao unaruhusu, sivyo?"

"Mwisho leo, saa kumi na moja jioni. Lakini bosi, mtihani unaofuata ni Januari, na ile shule haipokei matokeo ya Januari. Mwaka huu ndio darasa la mwisho la jioni. Wanalifunga. Baada ya hapo ni mchana tu, na mimi mchana niko hapa."

Alikwisha kumweleza hayo mara tatu. Shule nyingine ya sheria iliyo karibu ilikuwa mwendo wa saa nne kwa gari, na Verna alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, na mama mzazi asiyeweza kuachwa kulala peke yake. Shahada yake ya kwanza aliipata kwa miaka tisa. Kwa mtihani huu alijisomea tangu Februari, ndani ya gari, saa ya chakula, maharage na mkate wa mahindi yakipoa kwenye kiti cha pembeni.

Kilgore alicheka kwa upole. "Unajua mkuu wa ile shule ni nani? Preston. Tulilala chumba kimoja miaka mitatu. Namwandikia barua wiki hii hii, akushikie nafasi mpaka Januari. Umeshaweka ile alama kwenye fomu, kwamba hutaomba kuisoma barua yangu?"

"Nimeweka."

Kila mwombaji huiweka. Ni kisanduku kidogo chenye maneno: naacha haki yangu ya kuiona barua itakayoandikwa juu yangu. Usipokitia alama wanakuona mtu mwenye mashaka, na barua yenyewe haihesabiwi uzito.

"Basi tulia. Haraka haraka haina baraka. Shule haitakimbia, ila Estill yule hana Aprili nyingine." Akaweka mkono begani kwake. "Umri huu, dada, mtu anapimwa kwa waliomtegemea."

Hilo ndilo lililompata. Alishuka tena hadi kwenye kiti cha Estill.

Estill alimwona usoni. "Kakwambia nini?"

"Anataka niahirishe mtihani. Kwa ajili ya kesi yako."

"Na wewe unataka nini?"

"Mjomba, yule daktari wa kampuni atasema uongo kuhusu yaliyo ukurasa wa mia nane na kumi na mbili, na bosi hataujua."

Estill alivuta pumzi tatu kabla ya kujibu. "Sikiliza, binti. Mimi nimeambiwa ningoje tangu mapafu haya yanafaa kupigia filimbi. Ngoja picha nyingine. Ngoja daktari mwingine. Ngoja ngoja huumiza matumbo, mwanangu. Nenda kafanye mtihani wako. Hizo kurasa mwandikie kwenye karatasi, azibandike kwenye paji la uso."

"Hata akizibandika hatazisoma."

"Basi nife na karatasi yangu. Nenda."

Alimshusha ngazi moja moja hadi kwenye gari la jirani aliyemleta. Saa kumi alikaa mbele ya kompyuta. Ukurasa wa mtihani ulikuwa wazi: jina lake, namba yake, Ijumaa, saa tatu kamili. Pembeni kitufe cha kijani cha kubadili tarehe. Aliufunga. Akaandika barua mbili za watu wengine, akaufungua tena. Alijaribu kujiona Ijumaa asubuhi amekaa kwenye chumba cha mtihani wakati Estill anaulizwa na wakili wa kampuni, na Kilgore anapekua karatasi kama mtu anayetafuta soksi. Hakuweza kukaa kwenye picha hiyo hata dakika moja. Na ahadi alikuwa amepewa, tena na mtu aliyemtumikia miaka kumi na sita. Saa kumi na dakika arobaini alibonyeza. Wakamwuliza kama ana hakika. Alikuwa na hakika.

Kilgore hajui kuchapa na hataki kujua. Huzungumza barua zake kwenye kinasa sauti akiwa garini, koma na nukta zote, na asubuhi kifaa hukutwa mezani kwa Verna. Yeye huvaa hedifoni, hukanyaga pedali, sauti ikazungumza, vidole vikafuata. Ndivyo siku zote zilivyoanza, na Jumatano hiyo ilianza hivyo hivyo.

Barua ya kwanza ilikuwa kwa mawakili wa kampuni ya makaa.

"Waheshimiwa, koma. Kuhusu shauri la Fugate, koma, nathibitisha makubaliano yetu ya simu ya Ijumaa iliyopita, nukta. Sina pingamizi kwa ombi lenu la kuahirisha, koma, na hakimu ameridhia tarehe kumi na nne Aprili, nukta."

Verna aliinua mguu. Sauti ikakatika. Akaurudisha mkanda nyuma, akakanyaga tena. Ijumaa iliyopita. Aprili. Jana, mtu huyu akimwekea mkono begani, kesi ilikuwa imeshaahirishwa siku nne.

Vidole viliandika, maana vimezoea. Barua ya pili ikaanza, na sauti ilikuwa imelegea, ya mtu anayeongea na rafiki.

"Preston ndugu yangu, koma. Utaletewa jina la Verna Stidham, nukta. Aya mpya. Huyu mwanamke ana akili kuliko nusu ya mawakili waliowahi kusimama mbele yangu, nukta. Kusema kweli ofisi hii ni yeye, nukta. Ndiyo maana nakuomba hisani, koma, kama ndugu. Usimshikie nafasi, nukta. Nimeshamaliza suala la mtihani wa mwezi huu, koma, hataufanya. Akikupigia mweleze kwa upole kwamba darasa limejaa, nukta. Akiondoka nafunga ofisi, koma, na mimi nimebakiza miaka mitano tu nipumzike. Aya mpya. Fikisha salamu kwa mkeo, na ile safari ya kuvua samaki iko pale pale Alhamisi, nukta."

Kilichomuuma si uongo peke yake. Mtu akikudanganya angalau amekukumbuka. Huyu alikuwa amesahau kwamba anayechapa barua zake ana masikio. Kwake barua zilichapwa na ofisi, kama vile maji hutoka bombani.

Alipiga simu kwa watu wa mtihani. Msichana aliyepokea alimsikiliza yote, kwa adabu.

"Pole sana, mama. Ukishabadilisha, kiti kinakwenda kwa mwingine. Chako kilichukuliwa jana saa kumi na dakika hamsini."

Kisha akampigia Estill, kwa sababu kumpigia Estill ilikuwa kazi yake.

"Kesi imeahirishwa, mjomba. Aprili tarehe kumi na nne."

Upande wa pili ulisikika mtungi tu, ukipuliza na kunyamaza.

"Nani kaahirisha?"

"Kampuni iliomba. Bosi akakubali."

"Aprili," Estill alisema, kama anayesoma jina la mji asiotarajia kuufikia. Kisha: "Ila mtihani wako umebaki Ijumaa, si ndiyo?"

"Niliuahirisha jana jioni."

"Nilikwambia, mwanangu. Nilikwambia pale kwenye ngazi."

"Uliniambia."

"Mimi si kitu, nimekwisha. Wewe je?" Akaanza kukohoa, na kikohozi hakikuisha, mpaka mtu mwingine akaishika simu na kuikata.

Verna alichapa zote mbili kwenye karatasi yenye nembo ya ofisi. Alizibandikia vikaratasi vya njano mahali pa kutia sahihi, akaziingiza ndani kwa Kilgore, akaziweka mezani. Aliamua asimame pale pale asitoke. Maneno alikuwa nayo, mengi, ameyapanga kwa mpangilio kama yale maswali arobaini na moja.

Kilgore alitia sahihi ya kwanza bila kutazama. Akavuta ya pili, akatia sahihi, na jicho lake likashuka hadi pembe ya chini kushoto. Ofisi yoyote ya sheria pande zile huweka hapo alama mbili: herufi kubwa za mwenye barua, kisha herufi ndogo za aliyeichapa. Kwenye barua ile palikuwa patupu.

"Hii kachapa nani?"

"Mimi."

Kalamu ilisimama. Akairudia barua kwa macho tangu juu, mstari wa kwanza, wa pili, na Verna akaona hasa pale alipokumbuka. Shingo ilimwiva. Verna alifungua mdomo, akafikiria mama yake, dawa za mama yake, bima ya mama yake inayopitia ofisi hii, na watu mia moja na tisa walio kwenye makabati, ambao hakuna mwingine anayejua kurasa zao.

Kilgore alikohoa kidogo, akairudisha karatasi juu ya meza kwa vidole viwili.

"Umesahau alama zako. Preston ni mtu wa utaratibu." Kisha akageukia dirisha. "Ichape upya, nitatia sahihi tena. Iende na posta ya saa sita."

Alirudi mezani. Barua ilikuwa bado imefunguka kwenye kompyuta. Aliteremka hadi chini kabisa, kushoto, akaandika HK kwa herufi kubwa, kisha, kwa herufi ndogo, vs.