Upepo Wasingiziwa

Mambo yaliharibika Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita, mchana kweupe, siku ambayo hata jani halikutikisika. Ilikuwa uwanjani, kwenye klabu ya ndege ndogo, zile zinazorushwa kwa rimoti na watu wazima wenye kofia. Mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo ulining'inia mlingotini kama soksi iliyoanikwa mbichi. Mfyeka nyasi wa klabu aliuona vizuri, maana yeye ndiye aliyeutundika asubuhi, na mkewe ndiye aliyeushona.

Mkewe alikuwa mtunza vibanio. Klabu ilikuwa na ubao, na ubaoni vibanio vya nguo vyenye namba. Kila rimoti ina namba ya mawimbi yake. Ukitaka kuwasha yako, unachukua kibanio cha namba hiyo, unakibana kwenye kofia. Usipokikuta ubaoni, ujue mwenzako yuko hewani, unasubiri. Ukiwasha kwa ubishi, ndege moja inapata mabwana wawili, na hapo haimtii hata mmoja. Sheria ndiyo hiyo tu, mtoto wa chekechea anaielewa. Aliyeshindwa kuielewa ni mwenyekiti.

Mwenyekiti walimwita Rubani, ingawa ndege za kweli alizipanda kama abiria. Kibanio hakuchukua hata siku moja. "Mimi nipange foleni kwa ajili ya kibanio cha chupi?" alikuwa akisema, na watu wanacheka, maana mzaha wa mkubwa haukosi wachekaji.

Siku hiyo aliyekuwa anarusha ni daktari wa meno, kibanio kwenye kofia, hana kosa. Rubani alikuwa kivulini na wageni wake. Akataka kuwaonyesha rimoti yake mpya, akaiwasha, namba ileile ya daktari.

"Mwenyekiti, kibanio!" mtunza vibanio akapaza sauti.

Hilo ndilo neno lake la mwisho. Ndege ya daktari ilipinduka tumbo juu, ikashuka moja kwa moja hadi ubaoni alipokuwa amesimama yule mama.

Katibu alijaza ripoti ya ajali siku hiyohiyo. Afisa usalama, ambaye ni shemeji yake mwenyekiti, akatia sahihi. Palipoulizwa chanzo, waliandika: upepo.

Ndivyo walivyokuwa wakiandika miaka yote. Kioo cha gari la jirani, upepo. Ng'ombe aliyetobolewa jicho, upepo. Kuna mwanachama alikatwa kidole na pangaboi la ndege yake mwenyewe, ndege iko mezani, chumbani, madirisha yamefungwa. Upepo.

Safari hii upepo ulichukia. Baada ya mazishi ulihama uwanjani. Nje ya uzio miti ilikuwa ikiinama hadi kiunoni, ndani ya uzio hata unyasi haupepesuki. Wanachama walisema hali ya hewa imekuwa nzuri, wakatoa makabatini ndege walizokuwa wakiziogopa.

Upepo wenyewe ulikwenda nyumbani kwa mfyeka nyasi. Binti yake ndiye aliyefungua mlango.

"Baba, kuna mgeni."

"Nani?"

"Upepo."

"Mwambie apite, usimsimamishe mlangoni."

Ukapita, ukakaa kwenye kiti cha marehemu. Haukuwa mgeni mzigo. Ulikausha nguo na kuchochea mkaa, na ukifika wakati wa kulala ulijikunja chini ya kabati. Ila jikoni haukuwa na adabu.

"Mjomba, hebu toka huku!" binti alikuwa akifoka. "Unga wote umenijaa kichwani, nimekuwa bibi kizee kabla sijaolewa!"

Jioni moja, wakiwa wametulia, upepo ulisema kwa sauti ya tundu la funguo, "Mzee, nimesingiziwa mengi nikanyamaza. Lakini kuua mtu, hapana. Siku ile nilikuwa stendi ya mabasi. Nipeleke kwenye kikao cha klabu nikaseme."

"Baba, wale watakuzungusha," binti alisema. "Mwenye nguvu mpishe."

"Nimempisha mpaka mgongo umegusa ukuta, mwanangu. Nimpishe wapi tena?"

Wakaenda. Katibu aliandika waliohudhuria: mfyeka nyasi, na upepo. Upepo ulipewa kiti cha pembeni, na karatasi zikawekewa glasi juu.

Mfyeka nyasi ndiye aliyeanza. "Mimi sikusoma, ila macho ninayo. Mwenyekiti, uliwasha bila kibanio. Mke wangu alikuita, ukamsikia, ukageuza shingo. Andikeni hivyo. Sitaki kingine kwenu."

Daktari wa meno alitazama kucha zake. Rubani alikunywa maji.

"Mzee wetu, tunakupa pole kwa mara nyingine," alisema afisa usalama. "Sasa tumsikilize shahidi. Siku ya tukio ulikuwa wapi?"

"Stendi," upepo ulijibu. Ukamwaga mezani kofia za makondakta, mwavuli uliopinduka na kilemba cha bibi arusi, vyote vya siku ile. Kamati ilivikagua kimoja kimoja. Wenyewe wakapigiwa simu, wakathibitisha. Hapakubaki shaka.

Kwa hili kamati haikuchelewa. Neno upepo lilifutwa kwenye ripoti. Katibu aliuomba radhi kwa niaba ya klabu, Rubani akasimama kuongoza makofi, kisha akaubembeleza urudi uwanjani, ila uvume kiasi, mashindano yanakaribia. Upepo ulikuwa umepata ulichokifuata. Ulimshukuru mwenyekiti na kukubali, ukatoka kupitia dirisha.

"Na hapo mlipofuta," aliuliza mfyeka nyasi, "mnaandika nini?"

"Patabaki wazi kwa sasa," alisema Rubani.

Ripoti ilipelekwa makao makuu na pengo lake, ikarudi imegongwa muhuri wa kukubaliwa. Rubani alichaguliwa tena, kura zote. Uwanja una upepo mwanana, na wageni wanausifu.

Mfyeka nyasi hakuacha kazi. Angeacha, wangefurahi. Kila kikao huingia na viatu vyake vyenye majani, akasimama mbele yao wima kama mlingoti. Wamemzoea. Wamempa hata nafasi kwenye ajenda, baada ya mengineyo, pale ambapo muda huwa umekwisha na watu wanatafuta funguo za magari yao. Katibu huliandika swali lake neno kwa neno, halafu hufunga kikao.

"Jamani, upepo mmeshausafisha. Mke wangu aliuawa na nani?"