Makochi ya Kamanda

Dada yake ndiye aliyemlea, maana mama yao alifariki yeye bado anatambaa. Alikua akipiga mluzi kutwa nzima, kijiji chote kikamwita Mluzi. Kazi yake ilikuwa kufyatua matofali, na mdomo alikuwa nao: mteja akilalamika kwamba tofali limepinda, alimwambia akajaribu kulitazama akiwa ameshiba.

Vita vilipopamba moto, lori la jeshi lilisimama sokoni likazoa vijana. Dada mtu alitoka mbio kwenye cherehani yake, futi ya kupimia ingali shingoni, akamkuta Mluzi yuko juu tayari, anacheka ili dada asilie. Akamwomba amfunikie matofali mabichi, mvua isije ikayaharibu.

Alirudishwa ndani ya sanduku lililopigiliwa misumari.

Ukweli aliusema rafiki yake wa kikosi, aliyeisindikiza maiti huku mkono wake umefungwa bandeji. Alimwita dada nyuma ya jiko akamweleza taratibu. Mluzi alipigwa risasi ya paja walipokuwa wanarudi nyuma. Halikuwa jeraha la kumuua mtu, na hospitali haikuwa mbali. Gari lilikuwepo, ila lilijaa makochi ambayo kamanda aliyabeba kwenye nyumba za watu waliokimbia. Walimsihi ayashushe. Kamanda akasema gari litawarudia. Halikurudi. Mluzi alivuja damu kando ya barabara, anaomba maji, mpaka akanyamaza.

Dada hakutoa chozi.

Mazishini alikuja afisa, buti zinang'aa, akasoma kwamba marehemu alikufa kishujaa na kwamba kamanda mwenyewe anatoa pole. Baba mdogo akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa zawadi.

Dada akasimama. "Samahani, afande. Makochi yalifika salama?"

Afisa akauliza makochi gani.

"Yale mliyoyapakia mkamwacha mdogo wangu chini. Nauliza tu, hayakuingia damu?"

Afisa akamkazia macho yule askari mwenye bandeji. Askari hakuinama. "Nilikuwepo, afande," akasema.

Wanaume wenye majembe wakaanza kusogea. Afisa akarudi garini haraka. Dada akaitoa bendera juu ya sanduku, akaikunjakunja, akamtupia mapajani kupitia dirishani.

"Mkatandikie makochi."

Jioni baba mdogo alimfokea kwamba atawaponza wote. Dada akamjibu kwamba huyo waliyemzika hakuponzwa na yeye. Usiku huohuo yule askari alivushwa mto na jamaa zake, asije akakamatwa.

Haukupita muda, lori likaja tena. Likawakuta kina mama wamekaa katikati ya barabara, dada mbele yao. Dereva akapiga honi mpaka akachoka, akageuza. Kesho yake walirudi na bunduki nyingi, wakawaburuta wanawake pembeni, wakapekua kila nyumba. Waliambulia wazee na baba mdogo, amejificha chini ya kitanda. Vijana walikuwa wameshatokomea vilimani.