Kanda ya Harusi ya Clotilda

Siku ya tatu Arafa alikuwa bado ameinamia kaseti ile ile, na kiuno kilikuwa kinamwaka moto. Alikuwa na deki ya mwisho mjini Ngara iliyoweza kucheza kanda za zamani, kwa hiyo kila mwenye harusi au ubatizo wa miaka ya tisini alimletea yeye ahamishie kwenye flashi. Kazi ilikuwa imemchosha. Watu walichimbua kanda zilizokaa darini tangu enzi hizo, zimeota ukungu, halafu walitaka picha ing'ae kama ya simu.

Hii ililetwa na ndugu wawili wa Ntobeye, Danstan na mdogo wake Clotilda. Ilikuwa ya mwaka 1998, siku Clotilda alipoagwa nyumbani kwenda kuolewa Biharamulo.

"Mama Shamimu, hatutaki mapambo," Danstan alimwambia Arafa siku ya kwanza. "Tunataka maneno ya baba tu."

Baba yao, marehemu mzee Celestini, alisimama siku ile akazungumzia shamba la bondeni. Clotilda alisema alipewa yeye. Danstan, aliyelilima miaka yote hiyo, alisema dada yake mwenyewe alilikataa mbele ya watu. Lisingekuwa neno kubwa kama mume wa Clotilda asingefariki mwaka jana na shemeji zake kufunga nyumba kwa kufuli jipya. Sasa alikuwa amerudi na mabegi mawili, analala jikoni kwa kaka yake. Wazee wa ukoo walichoka kuwasikiliza, wakasema: leteni kanda.

Siku ya kwanza picha ilikuwa chenga tupu, inaruka juu chini. Arafa aliifungua kaseti, akafuta ukungu mweupe uliotanda kingoni mwa utepe, akasafisha kichwa cha deki kwa spiriti na kitambaa laini, kisha akazungusha kitufe cha kulenga picha polepole mpaka watu wakasimama sawasawa. Siku ya pili ikawa zamu ya sauti. Watu walifumbua midomo, kilichotoka ni mvumo kama wa mzinga wa nyuki. Alibadilisha waya, ikawa vilevile. Akabadilisha spika, vilevile. Saa nane mchana, akiwa hajala, akakumbuka kwamba sauti ina kichwa chake kidogo, mbali na kile cha picha. Alipomulika tochi alikikuta kimeganda uchafu wa kahawia. Alikifuta mara nne, na sauti ya mzee Celestini ikatoka, kavu lakini safi. Akaihamishia kanda yote kwenye kompyuta, akawapigia simu.

Ndio hao sasa, wameketi kila mmoja ncha yake ya benchi.

Kwenye kioo cha kompyuta mzee Celestini alizungumza Kihangaza. Arafa, ingawa wazee wake walitoka pwani, alizaliwa hapohapo Ngara na alikielewa. Mzee alisema shamba la bondeni anampa binti yake, awe na pa kurudi.

"Umesikia?" Clotilda aliruka.

"Ngoja," alisema Danstan. "Haijaisha."

Ikasikika sauti ya msichana, nyembamba, inayojiamini: "Baba, nashukuru. Lakini mwachie kaka Danstan. Mimi naenda kwa mume wangu, sitarudi."

Ila kwenye kioo bibi harusi alikuwa amefunga mdomo, macho chini. Aliyefumbua mdomo alikuwa shangazi yake, pembeni.

"Huyo ni shangazi!" Clotilda alisema. "Tazama mdomo wangu. Nimesema nini hapo?"

"Sauti yako siijui mimi?"

"Shangazi ndiye kasema. Na wewe miaka yote umelima kwa maneno yake!"

Danstan alisimama. Arafa alifumba macho. Angeweza kuwapa flashi yao waende wakagombane mbele ya wazee, yeye akanyooshe mgongo. Lakini alikwishaona kosa lilipo.

"Kaka, kaa kwanza," alisema. "Picha na sauti haziendi pamoja. Kanda ilipokuwa ikitetemeka, kompyuta iliruka vipande vya picha, sauti ikaendelea kama kawaida. Picha imetangulia. Lazima nianze upya."

"Upya mpaka lini?"

"Mpaka kanda iishe. Hii haikimbizwi."

Alishusha mashine ya zamani ya kurekodi sidii, akaiunganisha kati ya deki na kompyuta ili iishike picha itulie kabla ya kupita. Akarudisha kanda mwanzo. Hawakuwa na la kufanya ila kutazama.

Harusi ikapita polepole. Kila sura iliyopita Clotilda alitaja jina, na baada ya majina mengi alisema neno lilelile: marehemu. Danstan alipojiona akicheza ngoma na suruali pana kama magunia, alicheka kwa pua, na Clotilda naye akacheka, kisha wote wawili wakageuza nyuso kama walioshikwa na aibu.

Mzee Celestini akasimama, akasema yale yale. Kamera ikageuka. Safari hii bibi harusi aliinua uso, akafumbua mdomo, na maneno yakatoka kinywani mwake, moja baada ya jingine: mwachie kaka Danstan, sitarudi. Shangazi akapiga vigelegele.

Clotilda alitazama kioo huku ameweka kiganja mdomoni.

"Ni mimi," alisema mwishowe. "Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilijiona nimefika."

Arafa alidhani Danstan angepiga mapaja kwa ushindi. Badala yake alikuwa anajifuta uso kwa kofia yake.

"Ulikuwa na miaka ishirini na miwili," alisema. "Ungejua nini?"

"Lakini nilisema."

"Ulisema. Na baba naye alisema, uwe na pa kurudi." Alikohoa. "Kahawa haiguswi, nimeipanda mwenyewe. Ila kuanzia kwenye mfereji kushuka chini, jenga. Ulime na mihogo."

"Kuanzia mfereji wa juu au wa chini?"

"Clotilda!"

"Nauliza tu, kaka."

"Wa juu basi. Wa juu."

Arafa aliwapa flashi. Walitoka wakiongea kuhusu mabati, kaka akisema kumi na mawili yanatosha, dada yake akisema hayatoshi. Arafa alichomoa nyaya, akajilaza kwenye benchi waliloliacha, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akaunyoosha mgongo wake.