Sufuria ya Sabato

Baba yangu, mzee Ogoti wa Keroka, hawashi moto siku ya Sabato. Hata gesi hagusi. Ukimwambia kwamba mchungaji mwenyewe hupasha chai, atakujibu kuwa hilo ni la mchungaji na Mungu wake.

Mama alipokuwa hai hilo halikutusumbua. Ijumaa, kabla jua halijatua, aliipua sufuria ya maharagwe na ndizi ikiwa bado inatokota, akaishindilia kwenye kikapu kilichojaa majani makavu ya mgomba, akaifunika kwa blanketi kuukuu. Ole wako ufunue kuchungulia. Kesho yake tukitoka kanisani, chakula bado kilikuwa cha moto. Mpaka leo nikiyakumbuka maharagwe yale mate hunijaa.

Tangu tumzike, baba alishinda Sabato kwa ndizi mbivu na maji. Alikonda hadi mashati yakampwaya, nami niliogopa kwamba tutamzika yeye pia. Kilichoniudhi zaidi ni kuwa mimi ni mwalimu wa fizikia huko Nyamira. Kila mwaka nawaeleza watoto wa watu kwamba blanketi halina joto lake, linazuia tu joto lisitoroke. Nikaapa kuwa atakula.

Ijumaa ya kwanza nilipika kwa kisufuria cha watu wawili, nikakitia kwenye kikapu kilekile cha mama. Kesho yake chakula kilikuwa kimepoa kabisa. Wiki iliyofuata nikaongeza majani na blanketi la pili, kikatoka vuguvugu. Baba alikula vijiko viwili kwa heshima, akashukuru, akarudia ndizi zake. Nilimkasirikia hata marehemu kwa kuondoka na ujuzi wake.

Jibu lilinijia nikisugua kile kisufuria, na nilijiona mjinga. Maji yakichemka yamechemka, yawe ya kikombe au ya pipa. Halijoto ni moja. Lakini joto lililomo halilingani. La kikombe huisha upesi, la pipa hukawia. Mama alipikia watu wanane, na mgeni hakosi. Kikapu hakikuwa na kosa. Sisi ndio tuliopungua. Nililia palepale, mikono imejaa povu.

Nilimweleza baba kwamba ni lazima tupike sufuria kubwa, tena ijae.

"Nani atakula chote hicho?" akauliza.

"Nitajuaje, Tata? Jirani ni wako."

Sabato hiyo alirudi kutoka kanisani na Ruth, mjane wa ng'ambo ya ua, na Momanyi na mkewe na watoto wao wanne. Nilipofunua, mvuke ulipanda. Watoto walipuliza kila kijiko. Baba alikula sahani mbili, akafuta ya pili kwa kidole, na wageni walipoanza kutafuta viatu vyao akasimama mlangoni.

"Wiki ijayo mtakuja?" aliwauliza, na hakuondoka pale mpaka Ruth akasema ndiyo.